KUMLEA KIJANA WA MPIRA NA KUIFUNZA TIMU KUKABA KWA PAMOJA

(Hotuba kwa walimu wa michezo, viongozi wa vilabu vya vijana na wazazi)

Hakuna mchezo unaopendwa na vijana wa Kenya kuliko mpira wa miguu. Tangu Mombasa mpaka Kisumu, penye majani na penye vumbi tupu, watoto huonekana jioni wakiufukuza mpira. Na asiye na mpira wa dukani hujifungia wa matambara na karatasi kwa kamba. Kwa hiyo haifai kusema kwamba nchi imekosa wapenda mpira. Lililo haba ni mafunzo: mafunzo yanayoanza mapema, yanayofuata umri wa mtoto, na yanayomzoeza kucheza pamoja na wenzake. Hotuba hii yaeleza mambo mawili ambayo kwa kweli ni jambo moja, nayo ni namna ya kumlea kijana mpaka awe mchezaji, na namna ya kuifunza timu kukaba, yaani kumbana mwenye mpira mpaka aupoteze.

KUKABA NI NINI?

Wengi hudhani kwamba kukaba ni kukimbia sana. Mwalimu husimama pembeni akipaza sauti, “Mfuateni! Mfuateni!” Vijana watano humwendea mtu mmoja, mpira hupita katikati yao, na nyuma yao pakawa wazi kama shamba lililokwisha vunwa. Baada ya dakika 20 vijana wamechoka, wamefungwa mabao, na mwalimu asema hawana moyo. Moyo wanao, wasilokuwa nalo ni utaratibu.

Kukaba hasa ni kazi ya kupunguza nafasi. Yafaa mwalimu afanye hesabu ndogo. Uwanja mkubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Wachezaji kumi, bila kumhesabu golikipa, wakitawanyika uwanja mzima, kila mmoja ana mita za mraba 714 za kulinda, na hapana mtu awezaye kazi hiyo. Lakini wakisogeleana mpaka wakae katika urefu wa mita 30 na upana wa mita 40, eneo lao ni mita za mraba 1,200, na kila mmoja ana 120 tu. Sehemu nyingine huachwa tupu kwa makusudi. Upande wa mbali huachwa kwa sababu mpira haujafika huko, nao ukipigwa kwenda huko huchukua muda hewani, na muda huo watosha timu kuhama. Nyuma ya mabeki huachwa kwa sababu sheria ya kuotea huwazuia wapinzani kungojea hapo.

Watu wa pwani watalifahamu jambo hili upesi kwa mfano wa juya. Wavuvi hulivuta juya kwa pamoja, upande huu na upande huu, wakienda mwendo mmoja. Mmoja akikimbia peke yake mbele wavu hupinda; mwingine akilegeza kamba, samaki hupita papo hapo. Basi timu inayokaba ni juya. Nguvu za mtu mmoja hazifai kitu ikiwa kamba ya mwenzake imelegea.

WALIOTANGULIA KUONYESHA NJIA

Elimu hii haikuzuka jana. Katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, Rinus Michels alianza kuifundisha timu ya Ajax mwaka 1965. Wachezaji wake walipopoteza mpira hawakurudi nyuma kungoja. Walimwendea mpinzani wengi kwa mara moja, na mabeki wakapanda nyuma yao hata wapinzani wakajikuta wameotea. Ajax ilitwaa Kombe la Vilabu Bingwa la Ulaya mwaka 1971, na tena mwaka 1972 na 1973 baada ya Michels kuondoka. Kiongozi wa mchezo wa timu hiyo, Johan Cruyff, alikuwa ameingia katika shule ya vijana ya kilabu hicho akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1974 Michels aliifikisha Uholanzi kwenye fainali ya Kombe la Dunia mjini Munich. Ilishindwa na Ujerumani ya Magharibi kwa mabao 2 kwa 1, lakini dunia nzima ilikuwa imeona mchezo mpya.

Katika nchi ya Italia alitokea Arrigo Sacchi, mtu ambaye hakupata kuwa mchezaji wa kulipwa, na ambaye aliwahi kufanya kazi ya kuuza viatu. Alipopewa timu ya Milan mwaka 1987 alidai kwamba kutoka beki wa mwisho mpaka fowadi wa mbele usizidi umbali wa mita 25 hivi. Wachezaji wakubwa walipokuwa na mashaka, alifanya jaribio. Alimweka golikipa na mabeki wanne, yaani watu watano, wakabiliane na wachezaji kumi waliokuwa wakishambulia kwa dakika 15. Mabeki wakiutwaa mpira, washambuliaji walipaswa kuanza tena kutoka nusu yao ya uwanja. Jaribio lilirudiwa, wala wale kumi hawakupata bao. Watano wenye utaratibu waliwazuia kumi wasio nao. Timu hiyo ikatwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990.

Mfano wa tatu ni Barcelona ya Hispania, na huo wafaa zaidi kwa sababu waunganisha malezi na kukaba. Kilabu hicho kilifungua makao ya vijana yaitwayo La Masia mwaka 1979. Pep Guardiola, ambaye mwenyewe alilelewa humo, alipewa timu kubwa mwaka 2008 akapandisha vijana aliokuwa amewafundisha katika timu ya pili, wakiwamo Sergio Busquets na Pedro. Amri yake ilikuwa kwamba mpira ukipotea, wote walio karibu waurudie mara moja kwa muda wa sekunde tano hivi. Wasipoupata, warudi wajipange. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyeupata mpira sasa hivi hajainua macho, na wenzake hawajatawanyika kumpokea. Hapo ndipo alipo dhaifu kuliko wakati wo wote mwingine. Barcelona ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 2009 na 2011 kwa mchezo huo. Na tarehe 25 Novemba 2012, chini ya mwalimu mwingine, Tito Vilanova, ilicheza na Levante huku wachezaji wote 11 waliokuwa uwanjani kwa sehemu kubwa ya mchezo wakiwa wametoka katika shule yake ya vijana.

Hata Kenya ina mtoto wake aliyefunzwa elimu hii. Victor Wanyama, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1991, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, alipojiunga na Southampton mwaka 2013. Huko mwalimu wake alikuwa Mauricio Pochettino wa Argentina, mtu ajulikanaye kwa mchezo wa kukaba. Na mwaka 2016 Pochettino alimwita tena, safari hii Tottenham. Mwalimu hamwiti kijana mara ya pili kwa sababu ya nguvu za mwili peke yake. Humwita kwa sababu anajua kusimama mahali panapotakiwa.

MAFUNZO YAFUATE UMRI

Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa siku moja. Kosa kubwa la vilabu vingi ni kumpa mtoto wa miaka minane mchezo wa mtu mzima: uwanja mkubwa, watu 11 kila upande, na amri ya kushinda. Katika mchezo wa namna hiyo mtoto mdogo aweza kumaliza nusu saa bila kuugusa mpira mara kumi. Asiyeugusa mpira hajifunzi.

Kwa watoto wa miaka sita mpaka tisa, kila mmoja apewe mpira, hata kama ni wa matambara, naye azoee kuukokota kwa miguu yote miwili, kuusimamisha na kugeuka nao. Wakishindana, wawe wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo. Neno kukaba lisitajwe. Ni michezo ya kufukuzana na kunyang’anyana tu, maana humo mtoto hujifunza kupunguza mwendo na kubadili njia bila kuambiwa.

Kwa wenye miaka kumi mpaka kumi na tatu, mwalimu aanze duara. Watoto watano au sita husimama kwa duara wakipasiana, na wawili hukaa katikati wakiutafuta mpira. Anayeupoteza ndiye anayeingia kati. Mchezo huu ni mwepesi wala hauna gharama, lakini ndani yake kuna elimu nzima. Wale wawili wa katikati watagundua wenyewe kwamba mmoja akienda mbio na mwingine akisimama, hawapati kitu. Yafaa mmoja aende, na mwenzake afunge njia ya pasi. Hapo ndipo kukaba kwa pamoja huzaliwa.

Kwa vijana wa miaka kumi na minne mpaka kumi na sita, mafunzo yawe ya makundi: watatu kwa watatu, kisha sita kwa sita. Sasa wafundishwe kazi ya kila mtu. Wa kwanza humwendea mwenye mpira kwa kasi, lakini akifika hatua mbili hivi hupunguza mwendo, husimama kwa ubavu na kumfungia upande mmoja. Haruki wala hajitupi chini, maana akipitwa, kazi ya wenzake wote imeharibika. Wa pili husimama nyuma yake kidogo, tayari kama wa kwanza akipitwa. Wa tatu hufunga pasi ya karibu. Baada ya miaka hiyo ndipo timu nzima ya watu 11 ifundishwe kuhama pamoja, mabeki wakipanda na golikipa akitoka mstarini kulinda nafasi iliyo nyuma yao.

ISHARA ZA KUKABA

Hapana timu iwezayo kukaba dakika zote 90. Kwa sababu hiyo wachezaji wajue ishara, ili wote waondoke wakati mmoja bila kungoja kelele za mwalimu. Ishara hizo ni nyepesi kukumbuka. Ya kwanza, mpinzani anapousimamisha mpira vibaya ukamtoka mguuni. Ya pili, anapoupokea huku ameipa mgongo goli anayotaka kufunga. Ya tatu, mpira unaporudishwa nyuma, maana hapo timu nzima yaweza kupanda bila hofu. Ya nne, mpira unapofika pembeni, kwa kuwa mstari wenyewe ni mlinzi asiyechoka; mpinzani hana njia upande huo. Ya tano, pasi inapokwenda polepole au inaporuka juu, na anayengoja hawezi kutazama mpira na adui kwa wakati mmoja.

Isipokuwapo ishara hata moja, timu na ikae pamoja, ifunge njia ya katikati na kungoja kwa subira. Na ikiwa wapinzani wamekwisha vuka, wote warudi upesi kwa njia fupi, wakielekea goli lao kwanza ndipo watafute watu.

Wako wanaodhani kwamba kungoja ni woga. Mashabiki wa Kenya walipewa jibu tarehe 10 Agosti 2025 katika uwanja wa Kasarani, wakati Harambee Stars ilipocheza na Morocco katika Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Kenya ilipata bao, kisha ikapoteza mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Ikajipanga kwa watu kumi, ikakaa pamoja, ikashinda kwa bao 1 kwa 0. Na Morocco hao ndio waliolitwaa kombe mwishoni. Fundisho lake ni kwamba utaratibu ni ule ule, mbele hata nyuma: karibu karibu, wote kwa mwendo mmoja. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia.

Yafaa pia walimu wazifuate sheria za mchezo, kwa sababu kila sheria mpya hubadili kazi ya kukaba. Tangu mwaka 1992 golikipa haruhusiwi kuushika kwa mikono mpira aliopigiwa na mwenzake kwa mguu kwa makusudi. Zamani beki aliyebanwa aliurudisha tu, na golikipa akaudaka. Sasa anapaswa kuupiga, na mafowadi wanaomfuata wana tumaini. Na tangu mwaka 2019 mpira wa goli huhesabiwa umeanza mara tu unapopigwa, wala si lazima utoke kwanza katika eneo la penalti. Kwa hiyo timu nyingi huanza pasi karibu kabisa na goli lao, na wanaokaba nao waweza kuanza kazi mara mpira unapoguswa. Timu ya vijana isiyofundishwa mambo haya mawili itafungwa mabao ya bure.

MWILI WA KIJANA SI MALI YA KILABU

Sasa lasalia jambo zito kuliko yote. Kukaba ni kazi ngumu. Huhitaji kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka. Mwili wa kijana anayekua hauna uwezo wa kulipa kila deni linalodaiwa na mwalimu mwenye pupa. Mifupa yake ingali ikirefuka, na mahali ambapo mishipa imeshika mfupa chini ya goti huuma upesi. Kijana asemaye goti lauma apumzishwe, wala asiitwe mvivu. Kabla ya mazoezi pawe na dakika 20 za kuamsha mwili kwa utaratibu: mbio za polepole, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, na mazoezi ya tumbo na mapaja. Maji ya kunywa yawe karibu, hasa katika joto la pwani. Zoezi la kukaba liwe fupi, dakika tatu au nne, kisha pumziko. Mtu aliyechoka hajifunzi kukaba, hujifunza kufanya madhambi.

Pia asikataliwe mtoto kwa sababu ni mdogo wa umbo. Watoto waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka huwa wamewapita miezi mingi wale waliozaliwa mwishoni, na katika nchi nyingi imeonekana kwamba huchaguliwa zaidi, si kwa ustadi bali kwa ukubwa wao. Lionel Messi alipofika Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, alikuwa mdogo hata akihitaji dawa za kumkuza. Mwalimu anayetazama urefu peke yake angalimrudisha nyumbani.

Ubaya ulio ndugu ya huo ni uongo wa umri. Yuko kiongozi anayempunguzia kijana miaka mitatu ili ashinde kombe la watoto. Siku hiyo watu hupiga vigelegele, lakini hasara ni mbili. Mtoto wa kweli amenyimwa nafasi na pengine ameumizwa na mtu mzima. Na yule mkubwa hakujifunza lo lote, maana alishinda kwa nguvu za miaka yake. Tangu mwaka 2009 wakubwa wa mpira wa dunia hupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono katika mashindano ya walio chini ya miaka 17, na uongo huo hufichuka mbele ya mataifa.

Tena, wengi wa vijana hawatakuwa wachezaji wa kulipwa. Hilo lisemwe waziwazi, kwao na kwa wazazi wao. Kwa hiyo kilabu kinachomtoa mtoto shuleni kwa ajili ya mazoezi chamwibia. Mfano mwema uko Nairobi kwenyewe. Chama cha michezo ya vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987 kilitoa pointi kwa timu zilizosafisha mitaa yao, zikajumlishwa na pointi za uwanjani. Vijana walijifunza kwamba timu ni kazi ya watu wote, na katika mti huo ilichipuka Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Mabwana na Mabibi, kukaba kwa pamoja hakuhitaji fedha nyingi. Kwahitaji uwanja mdogo, mipira michache, mwalimu mwenye subira na vijana waliofunzwa kuaminiana. Kijana anayekimbia kumfungia mpinzani njia, akijua kwamba huenda mwenzake ndiye atakayeupata mpira na kusifiwa, amejifunza jambo litakalomfaa hata siku ambayo hatavaa tena viatu vya mpira. Kila kilabu na kila shule na vianze na duara la watoto sita wiki hii, na vitunze umri, magoti na masomo ya watoto hao. Mabao yatafuata.